Faneli ya Nne

Kijana aliweka fomu yake ya kuondoka juu ya meza yangu ya stoo, akanyoosha kona yake iliyokunjika, kisha akanipa kalamu yake mwenyewe. Nilipaswa kusema hapana. Nilipaswa kusema, twende kwanza tukafungue kabati lako. Nilisaini.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri, katika baridi ya Mbeya ambayo hata sisi tuliozaliwa Iringa tunaiheshimu. Nilikuwa mtunza stoo wa maabara ya utafiti wa kemia isokaboni katika chuo kimoja. Kazi hiyo niliifanya kwa miaka ishirini na mbili, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi mbili. Watafiti wetu walishughulika na metali na chumvi zake: shaba, nikeli, kobalti. Waliziyeyusha, wakazichanganya na vitu vingine, wakasubiri fuwele zijitengeneze chini ya chupa. Mimi niliwapa vifaa, nikavipokea, nikaviosha, nikaviandika.

Karibu na mlango tulikuwa na ubao wa picha. Upande wa kushoto paliandikwa Waliopo, upande wa kulia Waliotoka. Mtu akimaliza shahada yake au akipata kazi kwingine, picha yake ilihama kutoka kushoto kwenda kulia, na aliyeihamisha ni mimi. Lakini haikuhama hivihivi. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa ameweka utaratibu. Siku ya mwisho, mimi na anayeondoka tulipiga magoti mbele ya kabati lake, tukatoa chombo kimoja baada ya kingine. Yeye alisoma kwa sauti kilichomo, mimi nikaandika. Cha kumwagwa kilimwagwa kwa njia yake. Cha kubaki kilipata lebo yenye jina kamili la kitu, jina la mtu na tarehe. Ndipo nilisaini. Profesa alikuwa akisema kwamba maabara haiogopi walio ndani yake, inaogopa walichoacha walioondoka.

"Mzee, gari la kiwanda kilichoniajiri linaondoka saa kumi na nusu," kijana alisema. "Wamenikubalia kwa sababu ya mizigo yangu. Nikilikosa, Jumatatu asubuhi sipo Mgololo, na wao walisema Jumatatu."

"Na kabati?"

"Nimelisafisha jana. Sasa mimi na wewe, mzee, tukaguane kama malori kwenye mizani?"

Nilicheka. Nilimpenda kijana yule. Alikuwa amekaa na mimi siku tatu mbele ya kompyuta kunisaidia kuweka sawa kumbukumbu zangu za kustaafu, na hakunikaripia hata mara moja nilipobonyeza pasipotakiwa. Isitoshe, goti langu la kushoto lilikuwa limevimba kwa baridi, na makabati ya watafiti yote yalikuwa ya chini. Nayasema haya si kwa kujitetea. Nayasema ili ijulikane ni vitu vidogo kiasi gani vilitosha.

Kwenye fomu palikuwa na mstari wa faneli za kioo zenye kichujio. Hizo ni faneli ndogo ambazo katikati yake pana kisahani cha kioo chenye vitundu, fuwele zinabaki juu na maji yanapita chini. Zilitoka nje ya nchi, na kila mtafiti alipewa nne. Mezani kwangu alikuwa ameleta tatu.

"Ya nne?"

"Ipo kwenye chombo cha kukaushia, ina sampuli. Nitamwambia mtu aitoe Jumatatu."

Sikuuliza sampuli gani. Niliandika 4, nikasaini chini yake, na kabla gari lake halijafika Uyole picha yake ilikuwa imeshahamia kulia.

Jumatatu hakuna aliyekuja kuitoa. Hakumwambia mtu, au alimwambia mtu akasahau, sikuwahi kujua. Jumanne nilipiga magoti mwenyewe nikafungua lile kabati. Lilikuwa safi kweli, isipokuwa kule nyuma kabisa. Chombo cha kioo kizito, kifuniko kimepakwa grisi, na ndani yake faneli ya nne. Juu ya kichujio palikuwa na fuwele za zambarau, nzuri, zimeng'ang'ania kioo kama ukoko kwenye sufuria. Lebo ilikuwa kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa III-47.

Hiyo ilikuwa tabia yao wote, na Profesa alipigana nayo bila kushinda. Mtafiti akitengeneza kitu, badala ya kuandika jina lake refu, anaandika namba ya daftari lake na ukurasa. Kwake inatosha, kwa sababu daftari liko mkononi. Daftari la tatu, ukurasa wa arobaini na saba. Nilikwenda kwenye kabati la madaftari ya waliotoka. La kwanza lilikuwepo, la pili lilikuwepo. La tatu alikuwa ameondoka nalo, bila shaka amalizie makala yake.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kila mtafiti mpya, siku yake ya kwanza, Profesa alimsimamisha mbele ya meza na kumweleza kuhusu chumvi zinazoitwa perklorati. Ni rahisi kuzitengeneza na zinatoa fuwele nzuri, ndiyo maana watu wanazipenda. Zikiwa na unyevu, zimetulia. Zikikauka kabisa, baadhi yake hulipuka kwa kukwaruzwa tu na chuma. Kwa hiyo mtu atengeneze kidogo sana, aandike jina lake kwa wino mwekundu, na kijiko cha chuma kisizikaribie. Maneno hayo niliyasikia labda mara thelathini, nikiwa nimesimama nyuma na trei ya vifaa. Ningeweza kuyasema usingizini.

Sikujua kwamba zile fuwele za zambarau zilikuwa perklorati. Nilijua kwamba zinaweza kuwa. Kulikuwa na watu wawili wa kuuliza. Profesa angesema: ulisaini vipi? Kijana angesema ukweli, kisha ingebidi nimwambie Profesa. Nilifunga mlango wa kabati taratibu, kama mtu anayefunga chumba ambamo mgonjwa amelala.

Wenyeji wa Mbeya wanajua kwamba ardhi yetu haitulii sana. Mara chache kwa mwaka inatikisika kidogo, kikombe kinacheza kwenye kisosi, watu wanatazamana, kisha wanaendelea na chai. Miezi ile ilitikisika mara mbili nikiwa kazini. Chupa zote za stoo ziligongana kwa sauti nyembamba. Watafiti walicheka wakatoka nje wakipiga picha za simu. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza, nikisikiliza upande wa lile kabati.

Kulikuwa pia na kundi la WhatsApp, la waliopo na waliotoka pamoja. Waliotoka walituma picha za theluji, za harusi, za watoto. Kijana alituma picha yake amevaa kofia ya kiwandani, nyuma yake magogo yamepangwa kama ukuta. "Mzee wa stoo, huku baridi yenu ya Mbeya ni cha mtoto!" aliandika. Nilimwandikia faraghani: Kijana wangu, III-47 ni kitu gani? Sikuutuma. Nikaufuta, nikaandika: Hongera, tunakuombea.

Mwezi wa kumi na moja kaka yangu alinipigia simu kutoka nyumbani, jirani na Tosamaganga.

"Kamwene."

"Kamwene, kaka."

"Nakuletea mtoto wako. Amepata nafasi hapo kwenu, shahada ya pili."

Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, haihitaji maelezo. Lakini baina yetu sisi wawili palikuwa na jambo zaidi. Tulipokuwa wadogo baba alifariki, na nyumbani alitakiwa abaki mtu mmoja na ng'ombe. Kaka alikuwa na akili kunizidi, walimu walisema hivyo mbele ya watu. Akabaki yeye. Mimi nilikwenda sekondari. Hakuwahi kunikumbusha. Alipomleta binti yake kwangu Iyunga, na begi na gunia la viazi, alimshika bega akamwambia mbele yangu, "Ukiwa na swali lolote, muulize baba yako mdogo. Yeye amesoma." Yeye mwenyewe alikuwa anasema kwa dhati.

Binti alikuwa mchangamfu, mwembamba, anavaa sweta kubwa la baba yake hata maabara. Nyumbani aliniita ba'mdogo. Kazini, mbele ya wenzake, alinitania, "Mzee wa stoo, shikamoo, naomba bika mbili na baraka zako." Picha yake niliibandika mwenyewe upande wa kushoto. Walipogawa makabati, alipewa lile lililokuwa tupu.

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine. Ningeweza kukitoa chombo kile asubuhi kabla hajafika, nikakipeleka kwa Profesa, nikasema nimekosea. Nilikitoa kabatini kweli. Nikakiweka rafu ya juu ya chumba cha kukaushia, nyuma ya vyombo vingine, na nikajiambia kwamba nikistaafu mwezi wa sita nitaondoka nimeshakishughulikia kwa namna fulani. Sikujiuliza ni namna gani.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika, binti alikuja dirishani kwangu. Faneli zake zilikuwa nne, moja ilikuwa imepasuka, na mpya hazikuwepo. Mkononi alikuwa amebeba kile chombo kizito, kwa mikono miwili, akitabasamu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

"Ba'mdogo, angalia! Kumbe ipo nyingine huku juu. Hii ya zambarau ni ya nani?"

"Ya yule wa Mgololo."

"Na ni nini? Ameandika tatu, arobaini na saba. Hawa waliotoka nao! Wanafikiri tutawaota?"

Nilikumbuka fomu. Ilikuwa kwenye faili nyuma yangu, hatua mbili, yenye namba 4 na sahihi yangu. Mtu akisema sijui, swali linalofuata ni kwa nini hujui.

"Nitrati ya nikeli na mambo yao yale," nilisema. "Haina shida. Nilikagua mwenyewe siku anaondoka."

"Una uhakika? Nisije nikalipuka, ba'mdogo, mahari yangu bado haijaliwa."

Alicheka. Na mimi nilicheka.

"Nilikagua," nilisema tena.

Angeiosha kwa maji, leo labda nisingekuwa na cha kuandika. Lakini kwa miaka yote nilikuwa nimewafundisha kwamba hapa hatutupi kitu. Fuwele ya mtu ni wiki zake za kazi. Itoe, iweke kwenye kichupa, mpigie simu aje aichukue. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa maneno yangu. Alikaa kwenye meza yake karibu na dirisha, akachukua kijiko chembamba cha chuma, akaanza kuikwangua ile zambarau aiweke kwenye kichupa safi. Miwani ya kinga alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso aone vizuri chembe zilizobaki pembeni. Alikuwa ameshatafuta plasta, ameshaandika lebo mpya: Nitrati ya nikeli, imekaguliwa. Niliiona baadaye. Ilikuwa haijachafuka.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mlango uliobamizwa na upepo, na kwa nukta moja nilijiambia ni mlango. Kisha nikasikia vioo vikidondoka sakafuni, vidogo vidogo, kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiri vingeweza, na baada yake kimya. Sikukimbia. Watu wote walikimbia, mimi nilitembea, kwa sababu nilijua nitakachokikuta.

Alikuwa amekaa vilevile kwenye stuli, mkono wa kulia ameuinua mbele yake kama anaomba nafasi ya kusema. "Ba'mdogo, nani kazima taa?" aliuliza. Taa zilikuwa zinawaka.

Madaktari walifanya kazi yao vizuri na kwa huruma. Jicho la kulia halikuokoka. La kushoto lilirudi baada ya siku nane. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vilikatwa.

Kaka alifika asubuhi iliyofuata, viatu vina matope ya shambani. Tulisimama kwenye korido ya wodi.

"Imekuwaje?"

"Ajali ya kazi, kaka. Mambo ya maabara, yanatokea."

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono. "Basi na wewe pole," aliniambia. "Najua ni mtoto wako pia." Nimesahau mambo mengi ya wiki ile, ila pole hiyo sijaisahau.

Binti hakusema kitu kuhusu ajali siku zote za wodini. Nilikaa naye, nikamlisha uji kwa kijiko, naye aliupokea. Aliponiuliza saa, nilimwambia. Hakuniuliza swali jingine lolote, na mimi, badala ya kuogopa kimya kile, nilikishukuru.

Chuo kiliunda kamati. Tulikaa katika chumba cha mikutano: Profesa, watu watatu wa utawala, mimi, binti akiwa na bandeji, na kaka nyuma yake kwenye kiti cha pembeni kama mzazi. Kijana alipigiwa simu kutoka Mgololo, sauti yake ikasikika chumba kizima. Aliposoma ukurasa wa arobaini na saba alianza kulia. Ilikuwa perklorati. Alisema, "Nilimwambia mzee ipo faneli yenye sampuli. Nilimwambia."

Mwenyekiti wa kamati aliweka fomu mezani. Kisha akamgeukia binti kwa upole. "Mwanangu, kabla ya kuigusa, ulimuuliza mtu yeyote?"

Jicho lake moja lilinitafuta, likanipata. Najua sasa kwamba alikuwa ananingoja. Alinipa nafasi ya kusema mwenyewe, mbele ya baba yake, na nafasi ile ilikuwa ndefu vya kutosha. Nje kulikuwa na mtu anafyeka majani kando ya jengo. Nililisikia fyekeo likipita mara nne, mara tano.

"Nilimuuliza baba mdogo," alisema. "Akasema amekagua."

"Ni kweli?" mwenyekiti aliniuliza.

"Ni kweli aliniuliza," nilisema. "Sikuwa nimekagua."

Kaka hakupaza sauti. Alisimama, akachukua sweta lake mgongoni mwa kiti cha binti, akamfunika mabegani, akamwongoza mlangoni. Alipopita mbele yangu hakunitazama. Siku hiyo hiyo alikwenda Iyunga, akafungasha vitu vya binti. Gunia la viazi, lililobaki robo, aliliacha jikoni.

Niliandika barua ya kukiri kila kitu, na nilistaafishwa kabla ya mwezi wa sita. Siku ya mwisho walinitaka nijaze fomu ya kuondoka kama mtu mwingine yeyote. Profesa alipiga magoti nami stoo kutwa nzima, tukafungua kila chupa, akisoma kwa sauti yeye mwenyewe. Jioni nilihamisha picha yangu kwenda kulia. Ya binti ilikuwa bado kushoto, kati ya Waliopo, anacheka. Hakuna aliyejua pa kuiweka. Hakuwa amemaliza, na hakurudi tena.

Kwa miaka minne nilikwenda Iringa kila Pasaka na kila Krismasi. Mke wa kaka alinipokea, akanipa maji ya kunawa na chakula. Kaka alikuwa yuko shambani, au amekwenda parokiani, au amelala. Mara moja nilimwona kwa mbali akiteremka bondeni na jembe, nikamwita. Alisimama mgongo ukiwa kwangu, kama anasikiliza kitu kingine, kisha akaendelea kuteremka.

Alifariki mwaka jana, mwezi wa nane. Nilipata habari kwenye simu, kutoka kwa jirani. Nilifika kwa basi la asubuhi, nikakaa na wanaume wengine kwenye mabenchi. Makaburini, baada ya padre, msoma ratiba aliita watu wa kutupa udongo na kuweka mashada. Mke. Watoto. Akaita ndugu wa marehemu. Nilikwishasogea mbele. Aliita dada yetu, akawaita watoto wa shangazi, akawaita wa upande wa mama. Kisha akageuza karatasi na kuwaita majirani. Nilimwendea baadaye nikidhani amesahau. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, akaona haya. "Mzee wangu, orodha aliiandika marehemu mwenyewe," alisema.

Binti aliweka shada lake kwa mkono wa kushoto. Anafundisha sasa shule ya msingi huko huko. Amevaa miwani myeusi, amenenepa kidogo, anafanana na baba yake kwa namna anavyosimama. Watu walipoanza kutawanyika nilijikuta mbele yake njiani.

"Shikamoo, mzee," aliniambia.

"Marahaba, mwanangu."

Alingoja kidogo kwa adabu, aone kama nina la kusema. Nilikuwa nalo miaka yote ile, na halikutoka. Akanipita.

Nililala nyumba ya jirani, asubuhi nikarudi Mbeya. Sahihi ile, na neno nililosema ili kuilinda, vilimgharimu yeye jicho, vidole viwili na shahada yake. Mimi vilinigharimu kaka yangu, aliyekufa bila kusema nami tena, na mtoto niliyekabidhiwa, ambaye leo ananisalimia kama anavyomsalimia mzee yeyote anayekutana naye njiani.